Springi ya Njia Panda

Watoto wangu walikaa kikao kunijadili. Walikaa sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, wakinywa chai niliyoipika mimi, na mimi mwenyewe nikaombwa nikapumzike chumbani ili wazungumze kwa nafasi. Mlango wa chumba changu ni wa mbao za zamani, una ufa unaopitisha hata harufu ya hiliki, seuze maneno. Nikalala nikapumzika kama nilivyoagizwa, sikio likiwa kazini.

Kosa langu lilikuwa kuanguka. Niliteleza kwenye ngazi za nyumba nikirudi sokoni, nikakaa kitako bila kutarajia, na mfuko wa tungule za mchuzi ukatangulia chini peke yake. Mimi sikuvunjika kitu. Tungule ndizo zilizopata ajali. Lakini jirani yangu wa chini, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na komeo, alipiga simu Chukwani kwa binti yangu mkubwa hata sijainuka, na ilipofika magharibi habari ilikuwa nimeporomoka ngazi zote na nimepoteza fahamu. Laiti ningeipoteza. Ningepumzika na simu zao.

Nakaa ghorofa ya juu, Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao vespa ikipita watu hujibandika ukutani. Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi. Ngazi zake za mawe ni ndefu, kama zilijengwa na mtu asiyependa wageni, na mimi nazijua moja moja kama ninavyowajua wanangu, ila ngazi hazijawahi kunikalia kikao. Dirishani kwangu naona nani kanunua samaki gani, nani kavaa baibui jipya, nani kapita amekasirika. Chukwani kwa binti yangu kuna nyumba nzuri, sikatai. Ina marumaru, ina geti, ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na nje ya ukuta huo kuna ukuta wa jirani. Ukikaa dirishani unaangalia tangi la maji. Binti yangu anasema ni pahala pa utulivu. Hata kaburini pana utulivu.

Kikao kilipokwisha, yeye ndiye aliyekuja kunisomea hukumu.

"Mama, hatukulazimishi."

Wakianza hivyo, ujue umeshalazimishwa.

"Peke yako hukai tena," akasema. "Mwanangu atakuja kukaa na wewe likizo hii. Akipenda, atabaki, na skuli atakwenda kutokea hapa, si mbali. Asipopenda, mimi simlazimishi mtoto kulinda mtu mzima. Siku akinambia anataka nyumbani, nakuja kukuchukueni nyote wawili."

"Na kitanda changu?"

"Kitanda hakipiti mlangoni, mama. Kiliungwa humo humo ndani."

"Basi na mimi niliungwa humo humo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nyumba yangu ya umri wote ilikuwa imewekwa mkononi mwa mtoto anayekimbia mende.

Akaja, na mkoba wa nguo na boksi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza, ndivyo tunavyotaniana. Babu yake alifariki huyu hajazaliwa, lakini ugomvi wetu juu yake haujawahi kupoa.

"Babu alinipenda mimi zaidi," akasema, anavua viatu.

"Hata hukumkuta!"

"Ndiyo maana. Angenikuta angekuacha."

Nikajua nimeletewa mlinzi wa kweli.

Ndani ya boksi mlikuwa na gemu. Si hizi za kwenye simu, hii ni ya zamani, baba yake aliichezea udogoni mwake, na sasa imefufuliwa na kuchomekwa kwenye tivii yangu niliyonunuliwa ili nisikilize mawaidha. Mimi skuli niliiona kwa mbali, nilisoma msahafu chuoni na baada ya hapo nikaonyeshwa jiko. Lakini gemu ile haikuhitaji skuli. Kuna kijitu kifupi chenye viatu vikubwa. Kinakimbia kwenda kulia. Hakuna anayekifukuza. Njiani kuna mashimo, vidude vyenye meno, na mawe yanayoanguka bila sababu. Nikauliza kinakwenda wapi.

"Mlangoni."

"Mlangoni kuna nini?"

"Kuna pahala pengine pagumu zaidi."

Nikasema sawa, hayo maisha nayajua.

Nikaamua kuipenda gemu hiyo kwa moyo wangu wote. Mtoto akiipenda gemu atapenda kukaa, na akipenda kukaa, mimi sitoki. Nikapika mkate wa kumimina. Nikachoma sambusa. Nikamwagizia urojo wenye kachori na badia mpaka bakuli likalalamika. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kulishwa vile hata siku aliyonunua friji. Nami nakaa pembeni na ungo wangu wa mchele, nachagua mawe, nashangilia kijitu: "Piga! Ruka! Mkanyage huyo mshenzi!"

Humo ndani kilichonipendeza zaidi ni springi. Unazijua zile zinazochomoza kwenye godoro bovu? Ndizo, ila hii ina kibao juu. Kijitu kikikanyaga kile kibao, springi inabonyea, halafu inakirusha. Kuna ufundi wake. Ukibonyeza kidole pale pale inapokuwa imelala chini kabisa, kijitu kinapaa mpaka mawinguni. Ukiwahi au ukichelewa, kinaruka kijirusho cha kuku aliyeshtuliwa. Zile za mwanzo zilikuwa zimejengewa chini hazitikisiki, na mke mwenzangu akazipanda zote, anapaa, anacheka, na mimi naona ngazi zangu za mawe zinazidi kuwa zangu.

Mpaka tulipofika njia panda.

Njia moja ilikwenda kulia, moja ikishuka chini, moja ikipanda. Katikati yake palikuwa na springi nyekundu, peke yake, haikufungwa popote.

"Bibi! Hii inabebwa!"

Nikainua macho kutoka kwenye ungo. Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake bila kuniuliza.

"Usiiguse!"

Hapa Unguja mtoto hajajua kuhesabu lakini hili anajua. Kitu kilichowekwa njia panda, kiwe yai, kiwe kitambaa chekundu, awe kuku mzima na manyoya yake, hukigusi. Hiyo ni kafara. Mtu alikuwa na maradhi yake au mkosi wake, akaenda kwa mganga, akaambiwa akauache pale, na wewe ukiokota umeokota vyote. Mimi nimelelewa hivyo, na nimewalea wanangu hivyo, na wote wazima.

"Bibi, hii ni gemu."

"Na aliyeitengeneza hana shida zake? Mtu kaweka chuma kizima njia panda, chekundu, hakina mwenyewe, na wewe unaona umepewa bure?"

"Watu wote wanaichukua."

"Ndiyo maana watu wote wanaumwa."

Akanifanyia jicho, lile jicho la mama yake, akabonyeza. Kijitu kikainama, kikaibeba springi juu ya kichwa. Na umeme ukakatika.

Umeme kukatika mjini kwetu si habari. Unakatika mchana, unakatika mtu anapiga pasi, unakatika bwana harusi anapigwa picha. Uchochoro mzima ulipiga ukelele mmoja, kama kawaida, na muuza juisi wa kona akaanza kutukana mashine yake. Mtu mwenye akili angesema, mwanangu, ni umeme tu. Mimi nilimtazama mtoto, macho yamemtoka, pedi ya gemu, kile kidude cha vifungo, bado imo mkononi, nikaona utamu wa kuwa nimesema kweli.

"Umeona?" nikamwambia.

Basi ndiyo hivyo. Mtaa wote, na juisi zao na mafriji yao ya samaki, tuliadhibiwa kwa kidole gumba cha mke mwenzangu.

Umeme uliporudi, akaipita ile springi kwa mbali kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Nikajisifu moyoni: mtoto huyu ana adabu. Mbele kidogo tukakuta ukuta. Mrefu, laini, hauna pa kushika. Kijitu kikaruka, kikaupiga ukuta kwa pua, kikashuka. Kikaruka tena, pua, chini. Hapo nikaelewa springi ile iliwekwa ya nini, nami nikanyamaza, maana nimeshasema.

Siku ya kwanza alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anafinya pedi kama anakamua ndimu. Akakimbia kutoka mbali, akaruka kutoka juu ya jiwe, akaruka huku kasimama juu ya kochi langu, kwamba yeye akiwa juu labda na kijitu kitapanda. Kila kikifa unapigwa muziki wa kudhihaki, tirriri-tii, na mimi jikoni kila nikiusikia naona lori la mizigo linageuza Darajani kuja kunichukua. Mwisho akaizima tivii. Sambusa zikapoa. Akakaa na kidevu juu ya magoti, akaanza kuona mambo: nyumba yangu ina joto, nyumba yangu ina ngazi nyingi, nyumba yangu inanuka kitunguu.

Kisha nikamsikia ukumbini, na simu.

"Mama, nnataka nyumbani. Hapa hapana kitu cha kufanya." Akasikiliza. "Haya. Ijumaa mkitoka kusali."

Mkono wangu ulikuwa na mwiko, mchuzi unadondoka miguuni, sikuusikia moto wake. Nyumba niliyozalia wanangu wote, nyumba aliyofia mume wangu, ilikuwa inanitoka kwa ajili ya springi ya godoro.

Nikaweka mwiko, nikaenda kwa sauti ya asali.

"Mke mwenzangu. Ile springi, si uichukue tu?"

"Umesema kafara."

"Mimi? Nilisema?"

"Na umeme ukakatika."

"Umeme unakatika kila siku, mwanangu."

"Ukasema 'umeona?'"

"Nilikuwa nakutania."

"Ukinitania unanita mke mwenzangu. Siku ile hukunita."

Mtoto wa siku hizi umwambie akaoge hasikii, lakini neno lako moja la kijinga analihifadhi kama hati ya nyumba.

Nikatafuta msaada. Jirani wa chini akapanda kurudisha sufuria yangu, nikamkalisha, nikamweleza mbele ya mtoto kuhusu springi, njia panda na ukuta, huku nampiga jicho ili aseme hayo ni mambo ya tivii tu, hayana ubaya. Akasikiliza vizuri sana. Akashika kifua.

"Nyekundu? Njia panda? Astaghfirullah! Mwanangu, usiguse hata kwa fimbo. Kuna msichana wa Ng'ambo aliokota peni tu, ya kuandikia, mdomo ukamwenda upande."

Nikampiga jicho jengine.

"Bi mkubwa, jicho lina nini? Umeingiwa na pilipili?"

Nikamshukuru kwa sufuria.

Ijumaa ikafika. Mkoba wa mtoto ulikuwa mlangoni, umefungwa zipu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuoga na kuvaa kanga mpya, kama nitatolewa, nitolewe msafi. Wanaume walikwenda msikitini, uchochoro ukanyamaza. Mtoto alikuwa amekaa mbele ya tivii, ameiwasha kwa kuaga tu, kijitu kimesimama mbele ya ukuta hakifanyi kitu. Nikakaa kando yake, karibu na ungo wangu wa mchele. Magoti yakalia, nikayatukana.

"Nipe hiyo rimoti."

"Pedi."

"Nipe hiyo pedi."

"Bibi, wewe hujui."

"Nitaichukua mimi hiyo springi. Ikiwa kuna la kuja, linikute mimi. Mimi nshakula chumvi nyingi. Wewe hata magego hayajakutimia."

Hakunipa. Aliikumbatia kifuani, akanitazama, si lile jicho la mama yake, jengine ambalo sijawahi kuliona.

"Na ukianguka tena?" akasema. "Umeme ulikatika nyumbani kwako, bibi, haukukatika Chukwani. Kafara itakuja kwako. Mimi ndiyo maana siichukui."

Siku zote zile nilidhani mtoto anajiogopea mwenyewe, naye alikuwa kakaa na ukuta wake, kaacha raha yake, anajiandaa kurudi kwao na kunihamisha kwetu, ili mimi nisidhurike. Na kitu cha kumtia hofu hiyo nilikipika mimi mwenyewe kwa neno moja.

Nikamshika kichwa, nikamvuta kilemba cha mtandio kikamfunika macho, maana yangu hayakuwa sawa.

"Nikidhurika nitapelekwa Chukwani," nikamwambia. "Adhabu gani nyengine imebaki? Lete."

Akaleta. Nikapiga bismillahi. Kijitu kikaondoka ukutani kikaenda moja kwa moja kikaingia shimoni.

"Bibi! Bonyeza hiyo ya kuruka!"

"Nijuaje? Vyote vifungo, vyote vyeusi."

"Hii unakwenda, hii unaruka, hii unabeba. Ukiiachia, umeiweka chini."

Nikakiua kile kijitu kwa kila kifo kilichopo mle ndani, na vingine nadhani nilivibuni mimi. Kililiwa, kilipondwa, kilijitupa. Lakini nilifika njia panda. Nikasimama mbele ya ile springi nyekundu, nikabonyeza, kikainama, kikaibeba kichwani. Sote wawili tukaangalia taa ya ukumbini.

Ikaendelea kuwaka. Feni ikaendelea kuzunguka. Muuza juisi hakutukana mtu.

"Twende!" akapiga kelele. "Twende, twende, usiiachie!"

Nikaiachia. Ikatumbukia. Akalala chini kwenye mkeka akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, na tukarudi tena, maana ukifa inarudi pale pale kama hakukutokea kitu. Laiti vitu vya dunia vingekuwa hivyo. Nikaibeba tena, nikaruka shimo na mwili wangu wote, kiuno kimekwenda kulia, bega limekwenda kulia, ungo wa mchele umekwenda chini. Tukaiweka kwenye ukuta. Mbali mno. Tukaisogeza. Nikapanda, nikabonyeza mapema, kijirusho cha kuku. Nikachelewa, kuku tena.

"Isubiri ilale chini kabisa," akaninong'oneza, ameniinamia sikioni kama mtu anayenifundisha dua. "Subiri. Subiri, bibi."

Hodi ilipigwa hapo, nasi hatukuijibu. Ikapigwa tena. Mlango ukafunguliwa, na binti yangu akaingia na baibui lake na pumzi zake za ngazi, funguo za gari mkononi.

"Shikamoo mama. Nimebisha mpaka..."

"Shh!" akasema mwanawe. "Bibi anaruka."

Springi ikalala chini kabisa. Nikabonyeza. Kijitu kikapaa, kikapanda, kikapita pale pote kilipokuwa kinagonga pua, kikapita juu ya ukuta kwa nafasi ya kutosha hata kusalimia watu, kikashuka upande wa pili kwa miguu yote miwili. Mke mwenzangu akaruka juu ya kochi. Ningeweza ningeruka nami.

Binti yangu alisimama vile vile.

"Haya," akasema. "Chukua mkoba, twende. Mama, mizigo yako nitatuma mtu."

"Twende wapi?" mwanawe akauliza.

"Si umenambia unataka nyumbani?"

"Nilisema juzi."

"Na leo?"

"Leo siwezi. Bibi ndiyo kwanza kajua kuruka, na kubeba bado hajui, springi anaziangusha." Akanigeukia. "Na atazichukua zote za njia panda yeye. Tumekubaliana."

Hatukukubaliana kitu kama hicho, lakini nikatikisa kichwa kama shahidi wa nikaha.

"Mama," binti yangu akasema, taratibu, "umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi? Mimi mgonjwa, mwanangu. Mimi nimeanguka nikapoteza fahamu. Nitamfanya nini mtu?"

Akatutazama, mimi, mtoto, mchele uliomwagika sakafuni. Binti yangu ana mambo mengi lakini neno lake halirudishi nyuma, hilo kalirithi kwangu, na mara hii lilinifaa. Alisema akipenda atabaki. Akavua baibui, akautoa mkoba mlangoni kwa mguu, akakaa. Akaanza kuuliza: sare za skuli azilete lini, mtoto atakula nini asubuhi, nani atamchana nywele, nani atamtoa kwenye hiyo tivii ikifika saa ya chuo. Nikamjibu moja moja, kwa adabu kabisa, bila kumtazama, maana upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kidude chenye meno kinakuja, na mwalimu wangu alikuwa ananikanyaga mguu.

"Bibi, ruka! Ruka sasa!"